Msitu Ulioombwa Uwe Mlima

Mbayuwayu huingia Kakamega kila mwaka karibu na Oktoba, akitokea Ulaya, na wanyama wa msitu humngoja kwa sababu haji bure. Huja na habari. Mwaka huo alikuja na tangazo. Mfuko mmoja wa ng'ambo ulikuwa unapokea maandiko ya miradi ya kuhifadhi viumbe vya milimani na kuwawezesha wakaao huko kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Muda wa kutuma maombi ulikuwa siku sitini. Fomu ilikuwa na kurasa arobaini, na sharti la kwanza lilisema pesa hizo ni za milima peke yake.

Baraza likaitwa chini ya mkuyu mkubwa wa Isecheno. Mwenyekiti alikuwa Mbega, na joho lake jeusi lenye mapindo meupe. Katibu alikuwa Kima, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Ukoo wake umefuatwa na watafiti tangu mwaka 1979, Marina Cords, baadaye profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alipoanza kuwatambua mmoja mmoja kwa sura na kuandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kapigana na nani. Ukiandikwa miaka yote hiyo, kalamu huwezi kuikosa. Mzee Karasinga wa Kisere, ambaye watoto wote humwita Kuka, alifika usiku akiwa na vumbi la mashamba kwenye ndevu zake nyeupe, kwa sababu Kisere imekatika kutoka msitu mkubwa na njia ya kuja barazani hupita katikati ya mahindi na miwa.

"Mulembe," akasema, akaketi nyuma.

"Mulembe, Kuka," wakaitika.

Jambo la kwanza kujadiliwa lilikuwa hili: sisi ni mlima?

Msitu wa Kakamega uko kati ya mita 1,500 na 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni kipande cha mwisho upande wa mashariki cha misitu ya mvua ya Kongo, na Kenya nzima haina mwingine wa aina yake. Hondohondo wake na shorobo wake mkubwa wa buluu wana jamaa zao Uganda na Kongo, si Mlima Kenya. Ni mtoto wa bonde aliyepanda juu, akafika chini ya ukuta wa Nandi, akakaa hapo. Kima akasoma kipimo ambacho wataalamu wa mazingira wa Umoja wa Mataifa wamekitumia tangu mwaka 2000: kuanzia mita 2,500 kwenda juu, pote huhesabiwa kuwa mlima; kati ya mita 1,500 na 2,500, lazima ardhi iwe na mwinamo wa angalau nyuzi mbili.

"Nyuzi mbili tu?" akauliza Mbega.

"Mbili tu, Mwenyekiti."

"Basi nenda ukapime."

Kima akachukua kamba na timazi, akaenda moja kwa moja hadi maporomoko ya mto Isiukhu, akapima pale maji yanapodondoka. Sehemu nyingine, ambako ardhi huteremka taratibu kiasi kwamba mvua husita iende upande gani, hakufika. Kipimo kilichoingia kwenye fomu kilikuwa cha kweli. Mahali pa kupimia ndipo palipochaguliwa. Na Lirhanda, kilima wanachopanda wageni alfajiri kutazama jua likichomoza juu ya msitu, kikaandikwa kwenye ramani kuwa Mlima Lirhanda.

Popo ndiye aliyeguna. Yeye huishi ndani ya Lirhanda hiyohiyo, katika pango lililochimbwa na binadamu, shimo la machimbo ya dhahabu ya zamani.

"Mwenyekiti, nyumba yangu ina historia," alisema, kichwa chini miguu juu. "Mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliahidi kwa sheria kwamba ardhi ya wenyeji haitachukuliwa bila wao kupewa ardhi nyingine badala yake. Mwaka uliofuata ikatangazwa kuwa Kakamega kuna dhahabu. Wageni wakaja na makaratasi. Desemba 1932 sheria ileile ikabadilishwa ili machimbo yapite. Dhahabu ilipoisha waliondoka, shimo wakaniachia mimi. Naomba kilima tukiite kilima. Tukianza kugeuza mambo ili karatasi ipite, mwisho wake mimi nimelala ndani yake."

Mbega alimshukuru kwa mchango wake. Kima akaandika kwenye kumbukumbu: wadau wameshirikishwa.

Jambo la pili lilimeza siku ishirini nzima. Nani atatia saini? Msitu huu ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933, na upande wa kusini, Isecheno hadi mto Yala, leo uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu. Kaskazini, Buyangu na Kisere zilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985 na ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kipepeo akizaliwa upande mmoja na kufia upande wa pili, amebadilisha serikali bila kujua. Mfuko ulitaka barua kutoka pande zote mbili, na kila upande ulitaka kwanza kuiona barua ya mwenzake.

Hata barua zikipatikana, mifuko mikubwa haipigiwi hodi na kila mtu. Chukua Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ulioanzishwa katika mkutano wa Cancún mwaka 2010 na wenye makao yake Songdo, Korea Kusini. Kikundi cha kijijini hakiombi huko chenyewe. Lazima kipitie taasisi iliyoidhinishwa, na kwa Kenya lazima Hazina ya Taifa iandike kwamba haina pingamizi. Utaratibu huo una sababu, kwa kuwa pesa za umma ni za kulindwa. Lakini kila mlango una bawabu, kila bawabu ana karatasi yake, na wanaojua kuziandaa karatasi hizo hawakai Ileho wala Shinyalu, kando ya msitu.

Ndipo Kima akapendekeza Korongo.

Korongo mweupe hupita Kenya kila mwaka akitoka Ulaya kwenda kusini, hutua anapopenda, huondoka anapotaka. Alikuwa ameandika maombi ya nyika, ya madimbwi, ya fukwe, na yote yalikuwa mazuri kusoma. Akakubali kazi. Akataka nusu ya malipo kabla ya kuanza.

Hapo ndipo hekaya hii inaponiuma. Msitu haukuwa na pesa. Ulikuwa na mwiritsa.

Mwiritsa ni mti ambao wanasayansi huuita Prunus africana. Gome lake ni jeusi na limepasukapasuka, na ukilikwaruza kwa ukucha, harufu ya lozi chungu hukupanda puani. Tunda lake ni dogo, la zambarau iliyokolea, chungu mdomoni mwa binadamu. Lakini msimu wake ukifika, kima, mbega na hondohondo hulifuata kutoka mbali, wakala, wakaziangusha mbegu mahali ambapo mti mama asingezifikisha peke yake. Gome huuzwa ng'ambo kutengenezwa dawa ya tezi dume, na biashara hiyo ilikua hata mwaka 1995 mti ukaingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ya viumbe ambavyo biashara yake hudhibitiwa. Ukichuna gome upande mmoja ukauacha upande wa pili, mti waweza kupona. Ukilizungusha lote, umeuua, hata kama majani yatabaki ya kijani kwa muda na kumdanganya anayepita.

Mbega aliamuru miti michache ichunwe upande mmoja. Nusu ya malipo ya Korongo ilikuwa kubwa kuliko nusu ya gome. Wakazungusha.

"Huu ni uwekezaji," Mbega aliwaambia waliokuwa wakitazama. "Pesa zikija, kwa kila mwiritsa mmoja tutapanda mia."

Senje Hondohondo, ambaye sauti ya mbawa zake husikika kabla hajaonekana, alizunguka juu ya ile miti mitupu bila kutua.

"Mia utazipata wapi, mwanangu?" akauliza. "Mbegu ninazopanda mimi hutoka kwa hawa."

Warsha ya kuandika ilifanyika Kisumu, kwa kuwa Isecheno hakukuwa na projekta. Waliohudhuria ni Mbega, Kima na wajumbe wachache wenye mbawa za kufika huko. Walipewa nauli na posho kutoka kwenye gome lililobaki. Korongo aliweka jedwali ukutani, safu baada ya safu: lengo kuu, matokeo, mazao, viashiria, njia za kuthibitisha. Akageuka.

"Wanufaika wa moja kwa moja ni wangapi?"

Mbega akaanza kuhesabu koo za mbega, akafika mia kadhaa. Korongo akatikisa kichwa. Idadi ndogo mno, alisema, gharama kwa kila mnufaika itatisha. Kima akafikiri kidogo, akaandika: siafu. Kundi moja kubwa la siafu laweza kuwa na mamilioni ya wadudu. Andiko likapata wanufaika milioni ishirini kwa mstari mmoja.

"Na wa kike ni asilimia ngapi?"

Kwa siafu, watumishi wote ni wa kike, na malkia pia. Madume huonekana kwa msimu tu. Kima akaandika asilimia tisini na tisa. Korongo akasimama akapiga mbawa, akasema tangu aanze kazi hii hajaona andiko lililowajali akina mama kiasi hiki.

Saa hiyohiyo siafu wenyewe walikuwa wakipita katika sakafu ya msitu upande wa Isecheno, safu pana inayometameta, panzi na buibui wakiruka mbele yao kuokoa roho, na ndege wadogo wanaoishi kwa kufuata siafu wakidaka kila kilichokimbia. Hakuna aliyewauliza wanahitaji nini. Nina hakika wangejibu kuwa wanahitaji kivuli kisichokatika. Msitu unapovunjwa vipande, jua huingia, ardhi hukauka, siafu hupungua, na ndege wanaowafuata huondoka kimyakimya. Milioni ishirini yao waliingia kwenye fomu, na hitaji lao hata moja halikuingia.

Siku tano kabla ya muda kuisha, Korongo alikuja chini ya mkuyu kusoma andiko mbele ya wote, kwa kuwa fomu ilitaka picha ya kikao cha kuthibitisha. Alisoma vizuri. Aliposema Mlima Lirhanda na miteremko yake mikali, hata waliozaliwa hapo waligeuka kuutafuta. Alipomaliza, wakapiga makofi. Kisha Chura akainua mkono kutoka kwenye jani alilokalia, na Mbega, kwa sababu picha ilikuwa bado haijapigwa, akamruhusu.

"Samahani, Mheshimiwa Korongo. Kijito changu huingia Isiukhu. Siku hizi ikifika Januari kinakatika, na madimbwi yanayobaki yana joto. Wazee wangu walikuwa wakihamia juu maji yakiwa hivyo. Mimi nikitaka kupanda juu, nitapita wapi?"

"Juu wapi?"

"Nandi."

Ukisimama upande wa Ileho asubuhi pasipo na ukungu, huhitaji ramani kumwelewa Chura. Ukuta wa Nandi uko pale, mashariki, na misitu ya Nandi iko juu yake, sehemu zake zikipita mita 2,000. Misitu ile na huu wa Kakamega ilikuwa imeshikana, kivuli kimoja kutoka chini hadi juu, kabla ya mashoka na mashamba kuitenga. Sasa fanya hesabu ndogo. Ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita za Selsiasi. Maana yake, dunia ikipata joto kwa nyuzi moja, kiumbe anayetaka kubaki katika hewa aliyoizoea lazima apande mita 170 hivi. Kakamega yote, kutoka bonde lake la chini hadi mgongo wake wa juu, haina nafasi kubwa kuliko mita mia mbili. Nyuzi moja na ushee, na msitu umekuishia juu ya kichwa. Kinachofuata ni mahindi, miwa, mikaratusi, barabara, na ule ukanda wa chai wa Nyayo uliopandwa kuanzia 1986 ukingoni mwa msitu ili uulinde. Hondohondo huruka juu ya hayo yote kwa dakika chache. Chura ngozi yake ndiyo pua yake ya pili, na katika shamba lililolimwa, jua la saa sita huikausha kabla hajafika tuta la kumi.

Kwa hiyo Kakamega ina uhusiano wa kweli na mlima. Uhusiano huo ni njia, na njia hiyo imekatwa. Kama kuna pesa duniani zilizotengwa kwa ajili ya viumbe vya milimani na joto linalokuja, hakuna mahali pazuri pa kuzitumia kuliko hapo, kilomita chache za mashamba kati ya msitu wa chini na msitu wa juu. Chura, asiyejua kusoma fomu, alikuwa ameuliza swali lenyewe ambalo fomu iliundwa ili kulijibu.

Korongo alipekua kurasa zake.

"Ni swali zuri," alisema. "Lakini eneo hilo unalolitaja si mlima na si msitu. Ni mashamba ya watu, tena katika kaunti zaidi ya moja. Tukiliingiza, tutapoteza alama kwenye kigezo cha nne."

Kima, aliyekuwa ameanza kuandika, akafuta. Picha ikapigwa. Andiko la milima likaondoka Kakamega bila njia ya kwenda mlimani.

Sisemi kuomba msaada ni aibu, wala kwamba pesa za wageni hazijawahi kufaa kitu hapa. Mwaka 1995 vijana waongozaji wageni wa Isecheno walianzisha mpango wa elimu ya mazingira wa KEEP, wakawafundisha watoto wa shule kuhusu msitu, wakafuga vipepeo, wakaonyesha majirani jinsi ya kulima mmea wa mukombero nyumbani badala ya kuung'oa mwituni. Wakulima wa kikundi cha Muliru walipanda mtishamba wenye harufu kali, wakautengenezea dawa ya kuchua kwa msaada wa wanasayansi wa taasisi ya utafiti ya ICIPE, na mwaka 2010 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Utafiti wa BIOTA, uliofadhiliwa na Ujerumani kuanzia 2001, ulitupa maarifa mengi juu ya kinachotokea msitu ukikatwa vipande, siafu na mwiritsa wakiwemo. Katika mifano ya KEEP na Muliru, kilichotangulia ni kazi ya mikono ya majirani wa msitu. Karatasi ikaja nyuma yake. Ninachokiogopa ni karatasi kutangulia, na msitu kulazimishwa uifuate.

Jibu lilirudi baada ya miezi tisa. Lilianza kwa pongezi. Andiko dhana limependeza, mfuko ulisema, na sasa unaomba andiko kamili: upembuzi yakinifu, tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, mpango wa jinsia, takwimu za msingi, bajeti ya miaka mitano iliyokaguliwa. Korongo akatuma salamu kutoka alikokuwa. Kazi hiyo angeiweza, kwa malipo mara mbili ya yale ya kwanza.

Mbega akatuma vijana kutafuta mwiritsa. Ile ya karibu ilikuwa imekwisha kukauka. Msimu wa matunda ulikuwa umefika, na Senje Hondohondo alikuwa amekaa kwenye tawi kavu na wanawe wawili, mdomo mtupu. Siku hiyo baraza lilijaa bila kuitwa.

Kuka Karasinga akasimama. Hakuna aliyemkumbuka akisimama barazani kabla ya hapo.

"Mimi natoka Kisere," alisema. "Mnaijua. Haifiki kilomita tano za mraba. Zamani ilikuwa mkono wa msitu huu. Mkono ukakatwa, sisi tukabaki kwenye kidole. Kijana wangu akitaka kuoa, huoa binti wa jirani yuleyule aliyemwoza kaka yake. Kijito kikikauka, hatuna kijito cha pili. Mwaka wa matunda mabaya, hatuna pa kwenda. Nimeishi maisha yangu yote katika kitu mnachogeuka kuwa. Mmekaa mwaka mzima mkiuliza kama ninyi ni mlima. Mtoto huyu aliuliza njia ya kwenda mlimani, mkamfuta."

Akamgeukia Kima. "Una karatasi?"

"Ninayo, Kuka."

"Ukurasa mmoja. Aseme Chura, wewe uandike."

Walikuwa na mahali pa kuupeleka. Mpango wa FLLoCA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia pamoja na wengine, hupitisha pesa za tabianchi kwenye kaunti, na vipaumbele huanza kujadiliwa katika kamati za wadi, ambako unaweza kwenda kwa miguu na kumjua kwa jina anayekusikiliza. Uko pia Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia (GEF), ambao Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) limekuwa likiuendesha tangu 1992 kwa ajili ya vikundi vya wananchi. Milango hiyo nayo ina mabawabu wake, na si kila anayegonga hufunguliwa. Ila haikudai Lirhanda iwe mlima.

Ukurasa ulisema hivi: kitalu kimoja karibu na msitu. Mbegu ziokotwe humuhumu, si za kununuliwa mjini. Mwiritsa, mukumu, lusiola na mingineyo ambayo Hondohondo ataitaja, ipandwe kufuata mto kutoka ukingo wa msitu kuelekea Nandi, shamba kwa shamba. Palizi ya miaka mitatu, kwa sababu miche hufa mwaka wa pili wakati hakuna anayetazama. Mwisho kabisa, kwa mwandiko wa Kima mwenyewe: ridhaa ya wenye mashamba itafutwe kabla ya pesa.

Kuitafuta hiyo ridhaa ndiko kulikokuwa kazi. Upande wa mashamba walikuja wawili. Fahali alikuwa amerudi kutoka Khayega, shingo bado ina makovu ya pigano la mafahali la Jumamosi, na aliheshimiwa pande zote mbili za mto. Kuku alikuja na vifaranga.

"Miti nimeisikia," alisema Kuku. "Miti mirefu humleta mwewe. Mwewe akikaa juu ya mwiritsa wenu, nani atanilipia vifaranga?"

Senje Hondohondo hakubishana naye, kwa kuwa ni kweli. Wakatembea pamoja kando ya mto, mmoja chini mmoja juu, wakihesabu hatua kutoka bandani. Wakakubaliana miti mirefu ianzie ng'ambo ya zizi, na karibu na nyumba vipandwe vichaka vifupi, vyenye majani mengi chini, ambavyo Chura angevipenda zaidi na kifaranga angeweza kujificha humo. Ukingoni mwenyewe mwa mto sheria tayari inakataza kulima, ingawa mahindi yalikuwa yamefika majini. Fahali aliambiwa atapoteza mistari miwili ya mahindi, atapata nyasi za kukata chini ya miti. Akasema nyasi atazikubali akiziona.

"Na huyu?" akamnyooshea Kima pembe. "Mkiniletea miti hadi shambani, mnamjengea huyu daraja. Atakula mahindi yangu msimu wa kwanza."

Kila mtu akamtazama Kima. Angeweza kuahidi, alikuwa amejifunza kuandika ahadi nzuri sana.

"Siwezi kusema sitakula," alisema. "Mahindi mabichi yananishinda."

Hilo liliokoa mazungumzo. Waliongeza kwenye ukurasa posho ya walinzi wawili kwa miezi ya mahindi, wakaupeleka wadi. Kamati ilikaa, ikauliza maswali kuhusu mipaka ya mashamba, ikaahirisha mara moja, ikakaa tena. Kitalu kilipitishwa. Miche ilipitishwa, nusu ya iliyoombwa. Palizi ilipitishwa kwa miaka miwili. Posho ya walinzi ilikatwa.

Fahali aliposikia alisema bila walinzi hakuna makubaliano, akageuka kuondoka.

Mbega ndiye aliyemzuia. Alikuwa hajasema neno tangu siku ya Kuka. Akamweleza Fahali kwamba ukoo wake hula majani, mahindi hawayataki, na kwamba wakinguruma alfajiri husikika hadi barabarani, na kima huwaogopa wakiwa wengi. Angelinda yeye na watu wake msimu wa kwanza, bila malipo, na msimu wa pili kama wangehitajika.

"Utalala huku?" akauliza Fahali. "Kwenye mikaratusi hii, kwenye baridi? Hakuna mkuyu huku, Mwenyekiti."

"Nitalala."

Fahali alimtazama kutoka juu hadi chini, akachimba udongo kwa kwato, akatazama mto, akatazama mahindi yake.

"Basi leteni miche kabla ya mvua ya Machi," alisema. "Muanzie kwangu, upande wa maji. Na Kuku aoneshwe kila shimo kabla halijachimbwa."